La Sivyo

Shimanzi, juu ya ghala la magunia ya kahawa,
feni inazunguka kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta,
nami naandika mashine ndogo ya kufikiri.
Naipa ukweli, naipa kanuni, naiuliza swali;
ikikwama inarudi nyuma, inafuta ilichodhani,
inajaribu njia nyingine. Haichoki. Haioni haya.

Kanuni ya bandarini ni fupi ukiisema kwa mdomo:
ikiwa ushuru umelipwa, basi kontena litoke;
la sivyo, liandikiwe mnada.
Bwana Chetan alinisomea huku akichovya mahamri.
“Maneno matatu tu, Shufaa. Hata kasuku angeyaweza.”
Nikayaandika Jumanne, mistari kumi na mmoja,
nikateremka kula viazi karai, najiona bingwa.

Wiki ya pili akaja Fundi Msellem wa Kibokoni,
kofia mkononi, jasho hadi kwenye nyusi.
Cherehani zake arobaini zimo katika orodha ya mnada.
Risiti anayo. Mhuri upo, wa zambarau.
“Mwanangu, nimelipa. Kwani kulipa ni nini siku hizi?”

Nikaifuata mashine hatua kwa hatua
kama mtoto anayefuata sisimizi ukutani.
Iliuliza: ushuru umelipwa? Umelipwa.
Ikaingia tawi la basi. Basi likataka lori.
Lori halikuwapo, dereva kakwama Mariakani kwenye mizani.
Basi likaanguka,
na mashine, mtiifu wangu, ikarudi nyuma,
ikaukuta mlango wa la sivyo nilivyouacha, wazi,
ikapita, ikaandika: mnada.

Haikusema uongo.
Nani aliiambia kwamba ndiyo ikishatamkwa
kuna mlango unaopaswa kufungwa?

Usiku ule stima ilipotea saa tatu, ikarudi saa tano.
Nikapiga alama kabla ya sharti:
hapa ndipo rundo la njia lilipofika.
Sharti likikubali, rundo likatwe hadi kwenye alama,
na la sivyo liende na takataka.
Mara ya kwanza nilikata mno.
Nikauliza makontena yote, likanijia moja,
mengine mia mbili nimeyafyeka pamoja na mlango.
Nikacheka peke yangu. Nikapunguza kisu.
Na pale juu ya msimbo, mahali pa maelezo,
ili atakayerithi kiti hiki asirudie ujinga wangu, nikamwachia:

*Sharuti ikithibiti, la sivyo haifunguki,*
*Basi ikikwama kati, kule nyuma hatufiki,*
*Kata tawi kwa wakati, mzizi usihiliki,*
*Na ya nje yana bahati, yangali hayakatiki.*

Asubuhi nikauliza tena kuhusu kontena la Msellem.
Mashine ikajibu: hapana. Ikanyamaza.
Halitoki leo, wala haliuzwi. Lori likija tutaulizana.
Sijawahi kuipenda hapana kama ile.

Ila cherehani sita zilikwishauzwa Jumatano.

Mashine yangu kila inachodhani hukiachia unyayo,
na ikirudi huziokota nyayo zote, moja moja,
hadi jina linabaki tupu kama halikupata kuitwa.
Nyundo ya dalali haiachi nyayo.
Nimeifundisha *-ki-*. Hiyo imeishika.
*-ngali-* sikuifundisha, sijui ningeanzia wapi.
Ni Msellem aliyeileta ofisini, taratibu, akihesabu kwa vidole:
lori lingalifika Jumatatu, zingalikuwa arobaini.

Hakunilaumu. Nilimweleza kosa ni langu,
nikamwonyesha hata mstari wenyewe kwenye skrini.
Aliutazama muda mrefu, kichwa upande,
jinsi fundi anavyotazama mshono wa mwenziwe.
“Hapa hukufunga uzi,” akasema.

Kisha akashuka kuhesabu thelathini na nne zake,
na katikati ya ngazi akageuka kuniuliza
kama pindo la buibui langu limefumuka siku nyingi.